Fundi aliacha kazi katikati, paa linavuja na bado anasema ananidai: tulivyomalizana (uzi mrefu kidogo)

MamaGoba (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Wale mlioniona mwezi wa nne nauliza uliza humu kuhusu fundi aliyeniachia nyumba wazi, leo nimepata nafasi naandika yote kama nilivyoahidi, kwa sababu nilipokuwa natafuta msaada nilikuta nyuzi nyingi za watu wanalia na mafundi alafu uzi unaishia hapo hapo, hakuna anayerudi kusema iliishaje. Yangu iliisha, ndo maana nimerudi.

Nyumba yetu iko Goba, Dar es Salaam, vyumba vitatu, tulihamia ikiwa na bati la kawaida. Mwaka huu tukasema tubadilishe, tuinue kuta tufanye paa la kuficha (bati linakaa nyuma ya ukuta, kwa nje halionekani), tupige jipsamu mpya ndani, tuweke vigae barazani na jikoni alafu rangi. Mume wangu kikazi yuko Mwanza kwaiyo saiti nasimamia mimi. Fundi tulimpata kwa jirani, kazi yake niliiona kwa macho yangu nikaridhika. Makubaliano vifaa nanunua mimi, yeye ni ufundi tu pamoja na vijana wake, jumla milioni 7 na laki 2. Tukaandikishana karatasi, mashahidi wawili, sahihi na dole gumba juu.

Sasa sikilizeni ile karatasi ilivyosema kuhusu malipo: asilimia 50 mwanzo, asilimia 30 katikati ya kazi, asilimia 20 mwisho. Basi, imeisha hiyo. Hayo maneno "katikati ya kazi" ndo yalinikosesha usingizi miezi mitatu. Katikati ni wapi? Kwake yeye bati likishapanda juu ni katikati, kwangu mimi katikati ni jipsamu iishe maana ndo kazi niliyoona kubwa. Nikalipa 3,600,000 ya mwanzo, bati lilipopanda akaniomba ile 30, nikabisha siku mbili alafu nikampa 2,160,000 kwa sababu vijana walikuwa wanakaa tu saiti na mimi nataka kazi iende. Kwaiyo mpaka hapo keshachukua 5,760,000, jipsamu haijaisha, vigae nusu baraza, rangi hata kopo halijafunguliwa.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu masika ikaanza. Usiku wa mvua ya pili nasikia tone, tone kwenye kapeti, nawasha taa naona dari ya sebuleni imetoa tumbo, ile skimu nyeupe (upako laini wa juu ya jipsamu) imeng'aa kwa maji yaliyojaa juu yake. Nampigia mume wangu saa nane usiku ananiambia panda juu ya meza toboa katikati kwa bisibisi, weka ndoo, maji yatoke yenyewe kabla ubao wote haujakudondokea. Nikafanya hivyo nalia. Ndoo ilijaa mara mbili. Asubuhi chumba cha watoto nacho kimevuja kwenye kona. Jumla bodi 14 za jipsamu zimekufa.

Fundi akaja siku hiyo hiyo mchana, akapanda juu, akapaka silikoni sehemu kadhaa, akashuka akasema tayari. Mvua iliyofuata ikavuja vile vile. Nikapiga simu, maneno yakawa makali pande zote, mimi nikamwambia sikulipi hata mia na pesa yangu yote unarudisha, yeye akasema hiyo kazi imeisha zamani, unanidai nini mama, mimi ndo nakudai 1,440,000 iliyobaki na laki 9 za kazi za ziada. Kesho yake vijana hawakuja. Vifaa vyake vilikuwa vimebaki kwangu, ngazi, mashine ya kukatia vigae na grainda, nikavifungia stoo na ufunguo nikaweka kwenye pochi.

Basi hapo ndo nikaja humu. Ushauri nilioupata ulikuwa wa kila aina, peleka polisi, mroge, mwite mwingine amalizie. Nilikuwa tayari kumwita mwingine amalizie. Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, mhandisi mstaafu, aliniambia mwanangu usimruhusu fundi mwingine aguse hata msumari kabla kazi ya huyu haijapimwa na kuandikwa, akishagusa mwingine hakuna tena wa kujua lipi la nani. Nikafunika paa kwa turubai tu basi.

Jumamosi ile mzee akaja na fundi mkongwe anayemfahamu, mtu ambaye hana undugu na mimi wala na yule wa kwanza. Walipanda juu na mimi nikapanda, mara yangu ya kwanza kuona gata langu mwenyewe, ule mfereji wa kukusanya maji ya paa. Yule mkongwe akamwomba mwanangu gololi. Akaiweka kwenye gata karibu na tundu la bomba la kushusha maji, akaiachia, gololi ikatambaa taratibu ikaondoka kwenye bomba ikaenda kona ya chumba cha watoto ikakaa hapo. Hakuongea kitu, akaniangalia tu. Alafu akamwaga ndoo ya maji, yakafanya vile vile, yakajaa kona mpaka yakafika pale membreni (ile karatasi nzito ya kuzuia maji) ilipoishia ukutani, ilikuwa imepandishwa ukutani kama inchi mbili tu. Nilirekodi yote kwa simu, gololi na maji.

Alafu wakakaa chini na karatasi. Hapa ndo naomba msome polepole. Kwanza waliigawa ile 7,200,000 kwa kazi, wakauliza na mafundi wengine bei, wakafika hivi: paa lote kuanzia kubomoa la zamani mpaka gata ni 3,600,000, jipsamu na skimu 2,000,000, vigae na rangi 1,600,000. Paa limefanyika ila kurekebisha gata liwe na mteremko na kupiga membreni upya ni ufundi wa 650,000, kwaiyo anastahili 2,950,000. Jipsamu kaifikisha robo tatu, 1,500,000. Vigae alivyoweka 500,000. Na zile kazi za ziada, jamani niseme ukweli, zilikuwepo, mimi mwenyewe nilimwambia kwa mdomo aongeze ukuta wa baraza na abadilishe dari ya jikoni iwe ya ngazi, wakazipima wakasema siyo laki 9, ni 550,000. Jumlisha unapata 5,500,000. Nimemlipa 5,760,000. Kwaiyo ananirudishia 260,000, ongeza vifaa vya jipsamu vilivyoharibika na maji 420,000, jumla 680,000.

Laki sita na themanini. Mimi nilikuwa nadai milioni tano na ushee zirudi, yeye anadai milioni mbili na laki tatu na arobaini, tumetukanana, tumetishiana, watoto wamesikia mama yao akiongea maneno ambayo hawajawahi kuyasikia, kumbe ugomvi wote una thamani ya laki sita na themanini. Nilikaa na ile karatasi jikoni muda mrefu sana.

Naendelea chini, mtandao unakata.

Kokoto_Tatu

Dada pole sana, hapo kwenye gololi nimeelewa kitu ambacho sijawahi kuambiwa na fundi yeyote. Nakaa mkao wa kusoma.

FundiPaa_Mbezi

Mleta uzi nashukuru umesema na upande wako kuhusu kazi za ziada, wengi hawasemi. Mimi ni fundi wa mapaa miaka 17 naomba niongee kidogo wakati dada anarudi.

Paa la kuficha siyo la kumpa kila mtu. Paa la kawaida likikosewa maji yanaanguka nje, hili likikosewa maji yote yanabaki ndani ya nyumba yako kwa sababu umeyazungushia ukuta. Gata lazima liwe na mteremko unaoenda kwenye bomba, siyo kwa macho, kwa kamba na pima maji. Membreni ipande ukutani juu kabisa kuliko kiwango maji yanachoweza kufika, alafu ifunikwe na plasta au bati, isiachwe wazi mdomo wa juu. Na lazima utoboe tundu la dharura ukutani juu kidogo ya sakafu ya gata, ili bomba likiziba na majani maji yatokee nje uyaone, yasirudi ndani. Bomba moja kwa paa zima ni hatari, weka mawili na kuendelea.

Sasa upande wetu mafundi. Bosi anakuja saiti jioni anasema fundi hapa ongeza kidogo, hapa toa hiki, kesho anasema hivi hivi, mwisho wa kazi ukimwambia gharama anaruka. Au unamwandikia rola tano za membreni analeta tatu anakwambia zitatosha tu jitahidi. Unajitahidi, maji yanaingia, jina linaloharibika ni lako. Mimi siku hizi nina daftari la saiti, kila badiliko naandika tarehe, kazi na bei, bosi anasaini hapo hapo, asiposaini sifanyi. Kuna waliokasirika mwanzoni, sasa hivi ndo wanaonitafutia kazi.

MamaGoba

FundiPaa_Mbezi kaka umeongea kama ulikuwepo. Rola tano nililetewa kwenye orodha na mimi ndo nilinunua tatu. Nakuja nalo hapo hapo.

Baada ya hesabu nikampigia fundi, safari hii nikiwa nimetulia, nikamwambia sikuiti tugombane, nina hesabu ya kazi yako imeandikwa na watu wawili, nataka uione, na kama una mtu wako wa kupima mlete. Nilimtumia picha za ile karatasi WhatsApp. Alikaa kimya siku nne. Siku ya tano akaandika "mama tukutane wapi". Nikasema serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti, mtendaji awepo.

Alikuja na kaka yake mkubwa, mimi na shemeji yangu pamoja na yule mzee mhandisi. Mwenyekiti akaanza kwa kumwambia kila mmoja aongee bila kukatizwa, na kweli alisimamia hilo, shemeji alipojaribu kudakia akaambiwa asubiri. Nikaonyesha video ya gololi. Fundi aliitazama mara mbili. Alafu akasema maneno ambayo sikuyategemea, akasema mama mimi sikatai maji yanaingia, gata niliwaachia vijana nikaenda saiti nyingine Kibaha, hapo nimekosa, ila na wewe sema ukweli mbele ya mwenyekiti, rola tano ulinunua ngapi?

Nikasema tatu. Kimya. Ningesema uongo pale kikao kingevunjika, maana orodha yake yenye rola tano ipo kwenye simu yangu mwenyewe. Tukakubaliana zile rola mbili nilizozikataa nanunua mimi kwa pesa yangu, ila mteremko wa gata ni wake, na zile 680,000 zinabaki kama zilivyo.

Yeye akataka arudi kurekebisha badala ya kulipa pesa. Hapo nilikataa, siyo kwa chuki, ila nilikuwa nimeshaogopa, kila wingu likitanda moyo unaenda mbio. Mwenyekiti akaniuliza mara ya pili nikasema hapana. Kwaiyo akaomba alipe kidogo kidogo, tukakubaliana mara nne, 170,000 kila tarehe 5.

Karatasi ya safari hii haikufanana na ile ya kwanza. Majina kamili, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), namba za simu, hesabu yote imebandikwa nyuma, tarehe za kulipa, namba ya M-Pesa itakayopokea, na mstari unaosema akimaliza kulipa hakuna anayemdai mwenzake chochote kuhusu ile kazi, na akipitisha tarehe siku 14 deni lote lililobaki linadaiwa kwa pamoja. Nakala tatu, muhuri wa mtaa. Na vifaa vyake nikavirudisha pale pale mbele ya mtendaji kwa orodha, kila kimoja akakikagua akasaini kuwa amepokea kikiwa kizima.

Mkulima_wa_Mji

Dada hapo kwenye vifaa umekosea, ungeshika mpaka amalize kulipa, hiyo ndo dhamana yako. Sasa asipolipa utamkamata wapi? Na mimi ningeenda polisi kwanza, akilala ndani siku moja hela inatoka.

MsaidiziWaSheria

Mkulima_wa_Mji naomba nikupinge kwa heshima, maana ushauri huu nimeona umewaingiza watu matatani. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi yangu ya kila wiki ni migogoro kama hii.

Vifaa vya mtu ni mali yake. Ukivifungia stoo bila makubaliano yoyote, yeye anakwenda kituoni anasema mama kanizuilia mashine siwezi kufanya kazi, na kuanzia hapo wewe uliyekuwa unadai unageuka unayelalamikiwa. Dada alifanya sawa kuvirudisha kwa orodha, na kwenye kesi zangu huwa naomba virudishwe mapema hata kabla ya kikao.

Polisi nako, ndugu zangu tutofautishe. Fundi aliyekuja akafanya kazi akaifanya vibaya au hakuimaliza, hilo ni shauri la madai, mkataba umevunjwa. Jinai ni pale mtu alipokudanganya tangu mwanzo ili achukue hela, mfano alijifanya kampuni isiyokuwepo, akapokea hela ya vifaa akazima simu bila kukanyaga saiti. Hiyo ndo kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Ukipeleka shauri la madai kituoni unapoteza miezi, mwisho unaambiwa nendeni mahakamani.

Kuhusu sheria yenyewe, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi lazima mkataba wa fundi uwe wa maandishi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, shida ni kuyathibitisha. Kwaiyo wewe ambaye hukuandikishana usikate tamaa, una miamala ya simu, una meseji, una voisi noti, una mashahidi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kumbukumbu za kielektroniki zinapokelewa mahakamani kama ushahidi, ila usifute chochote na usibadilishe simu ukatupa ile ya zamani, skrinishoti peke yake inaweza kubishiwa, simu yenye mazungumzo yote tangu mwanzo ni ngumu kuibishia.

Fidia iko kifungu cha 73 cha hiyo Sheria ya Mikataba. Unalipwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, na wanaangalia pia kama wewe ulifanya unachoweza kuipunguza. Lile turubai la dada ni jambo kubwa kisheria. Mtu mwingine angeacha mvua iingie mwezi mzima ili hasara ikue alafu adai yote, hakimu angemuuliza ulikuwa wapi.

Ikishindikana kabisa, deni la mkataba lisilozidi milioni 30 unalipeleka Mahakama ya Mwanzo, Kiswahili mwanzo mwisho, unaeleza mwenyewe. Una miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa ila usisubiri, mashahidi wanahama na kuta zinapakwa rangi.

Kokoto_Tatu

Na baraza la kata je? Mtaani kwetu kila kitu watu wanakimbilia huko.

MsaidiziWaSheria

Baraza la kata watu wengi wanalijua kwa migogoro ya ardhi, na hata huko tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, siyo kutoa hukumu. Ugomvi wa ufundi siyo wa ardhi hata kama nyumba iko juu ya ardhi. Unaweza kuomba wawasuluhishe kama wote mmekubali, kama dada alivyofanya kwa mwenyekiti, ila usikae huko ukidhani utapewa hukumu ya kumlazimisha mtu alipe.

Mjenzi_Dom

Naongezea kwa wanaojenga kwa kampuni na siyo fundi wa mtaani. Kabla hujasaini muulize namba ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ile CRB iliyoanzishwa kwa sheria ya 1997. Makandarasi wamepangwa kwa madaraja, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi. Aliyesajiliwa ukimlalamikia ana kitu cha kupoteza, bodi inaweza kumwadhibu mpaka kumfutia usajili. Fundi wa kawaida hayupo kwenye daftari lao, ukienda pale kumshtaki watakusikiliza tu kwa upole. Kwa mikataba mikubwa yenye kipengele cha usuluhishi kuna Baraza la Taifa la Ujenzi, hao wana utaratibu wao wa kushughulikia migogoro ya ujenzi, ila kwa vigae vya barazani na jipsamu usijisumbue.

Mjengo254

Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma hii thredi yote na nimeona ni yale yale tu, huku pia fundi anakula deposit na kuhama mtaa. Huku kwetu kuna korti ya madai madogo, Small Claims, sheria yake ni ya 2016 na ilianza kusikiza kesi pale korti za Milimani, Nairobi, 2021. Kesi isiyozidi shilingi milioni moja ya Kenya unapeleka mwenyewe bila wakili, na inafaa kuamuliwa kwa siku 60. Mimi nilipeleka jamaa aliyeniwekea tanki juu ya slab ikapasuka. Kitu kilinisaidia si maneno, ni risiti na ripoti ya fundi mwingine, kama tu ya huyu mama. Adjudicator (mwamuzi wa hiyo korti) aliuliza swali moja pekee: kazi aliyofanya unasema ni ya pesa ngapi? Kama singekuwa na jibu ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Mpemba_Muscat

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, najenga Kiembe Samaki, fundi kandikiana na kaka yangu si mie, pesa natuma mie. Sasa kaka na fundi hawasemezani, dari ya juu imepasuka. Mie naweza kudai?

MsaidiziWaSheria

Waalaykum salaam ndugu yangu. Zanzibar ina sheria zake na mahakama zake, hayo niliyoandika juu ni ya Bara, kwaiyo mtafute wakili wa huko huko akupe njia. Ila jambo la kwanza ni hilo hilo popote, karatasi inasema nani kaagiza kazi? Kama kaka yako kasaini kwa jina lake bila kutaja kwamba anakuwakilisha wewe, fundi atasema hakujui. Mwandikie kaka hati ya kumpa mamlaka ya kukuwakilisha, na kumbukumbu zote za pesa ulizotuma ziweke pamoja zikiwa na tarehe. Na tafuta mtu wa tatu akaipige picha hiyo dari wiki hii, kabla hajaja mtu kuiziba kwa plasta.

Mpemba_Muscat

Ahsante sana. Ntamtuma shemeji kesho inshallah.

Mkulima_wa_Mji

Msaidizi nimekuelewa, nakubali la vifaa. Dada mleta uzi, je alilipa?

MamaGoba

Alilipa. Mwezi wa saba tarehe 5 ikaingia, wa nane ikaingia tarehe 6, wa tisa tarehe 5. Wa kumi kimya. Tarehe 12 nikamtumia meseji fupi, fundi salama, nakumbusha ya mwisho kama tulivyoandikiana. Hakujibu. Sikupiga simu wala sikumwambia maneno mengi, maana nilishajifunza simu ndo ilituharibia mwanzo. Tarehe 20, siku 14 zimepita, nikaenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata yetu akaniandikia barua ya madai ya ukurasa mmoja, inataja yale makubaliano, kiasi, na kwamba baada ya siku 7 napeleka Mahakama ya Mwanzo. Nikampelekea mwenyekiti nakala na fundi nikampelekea nyumbani kwake mkono kwa mkono.

Nilimkuta mke wake, ana mtoto mchanga mgongoni. Akanikaribisha ndani, akaniambia mume wake kavunjika mkono kwenye saiti huko Kibaha, wiki tatu hafanyi kazi. Niliona mwenyewe alipotoka chumbani, plasta mpaka kwenye kiwiko. Akasoma barua imesimamishwa juu ya meza kwa mkono mmoja. Akasema mama sijakukimbia.

Tukaandika nyuma ya ile barua kwamba ya mwisho italipwa tarehe 5 ya mwezi wa kumi na mbili, akasaini kwa mkono wa kushoto, mke wake akawa shahidi, na mimi nikaichukua. Kuna watakaosema nimekuwa laini. Ningemfuata kwa kelele sijui kama ningelijua hata lile la mkono.

Jana tarehe 5 imeingia saa kumi na moja asubuhi, 170,000, na meseji chini yake "mama nimemaliza, nisamehe kwa usumbufu". Nimemjibu kwamba nimepokea na hatudaiani, na leo nimempelekea mwenyekiti aandike kwenye nakala yake kuwa imefungwa.

Lenta_Kimara

Hongera dada. Swali moja la mwisho maana nami naanza kazi kama yako mwezi wa kwanza, huyo fundi aliyekumalizia ulimwandikiaje malipo?

MamaGoba

Hakuna asilimia wala katikati ya kazi popote. Niliandika kazi moja moja na bei yake, na hela inatoka kazi ile ikishakaguliwa. Gata na membreni, mtihani wake ni kuziba bomba, kujaza maji, kuyaacha siku nzima alafu kuangalia dari ndani kama kuna unyevu, pakiwa pakavu nalipa siku hiyo hiyo. Jipsamu nalipa kwa chumba kikiisha na skimu. Vigae nalipa kwa skwea mita. Laki 4 nilibakiza mpaka mvua kubwa tatu zipite, na yeye alikubali bila kununa. Daftari la mabadiliko liko saiti limefungwa kamba na kalamu yake, kila jioni tunasaini wote.

Ukifika kwenye gata nitafute inbox nikutumie ile video. Na chukua gololi.